Maji ya Upande wa Marselino

Laela,
3 Oktoba 1978

Kwa binti yangu wa ubatizo, Bertilla,

Kuna jambo nimelificha tangu Februari ya mwaka 1975, na sasa wewe unataka kulijengea ukuta wa mawe. Maji machafu yaliyowekwa mezani siku ya mkutano wa Lyambwe hayakutoka kwenye kijito cha baba yako. Yalitoka upande wa pili, chini ya shamba la kijiji. Ni mimi niliyegeuza chupa.

Nimeanza na hilo kwa sababu kifua hakinipi muda, na dada yako Cornelia akiniona nimeinama juu ya karatasi anakuja kuninyang'anya kalamu.

Kwa kuwa uliniletea mpango wako niusome kabla haujafika kwenye kamati, nimeusoma mara mbili. Ni mzuri. Hutaki kutengeneza kilima kizima. Umetafuta mahali pachache panapotoa tope jingi, ili nguvu ndogo ifanye kazi kubwa. Sisi mabwana shamba wa zamani hatukujua kufanya hivyo. Tuliamuru matuta kila mahali, mpaka watu wakawa wakituona tunakuja wanaingia ndani. Kosa la mpango wako ni moja tu, nalo si lako: umeiamini taarifa yangu.

Siku ya mkutano ulikuwa mjini kwa shangazi yako, kwa hiyo nikueleze ilivyokuwa. Watu walikuwa wamehamia Lyambwe mwaka uliotangulia, wote wakichota mahali pamoja, pale chini vijito viwili vinapokutana na kuwa mto Kasumo. Mvua zilipokolea maji yakawa mekundu, na watoto wakaanza kuhara damu. Wawili wakafa. Mkoa ukataka kujua uchafu unatoka wapi. Nilichota maji ya kila kijito katika chupa nyeupe, zile za divai ya Misa nilizoomba kwa masista. Ya kulia, yaani ya bonde la ukoo wenu, nikaifunga uzi wa mkonge shingoni. Ya kushoto nikaiacha bila kitu. Zikakaa usiku kucha. Asubuhi ya kulia ilikuwa na tope la unene wa kucha. Ya kushoto ilikuwa na tope karibu nusu ya chupa.

Kabla ya kutoka nyumbani niliufungua uzi nikaufunga kwenye chupa ya pili.

Usiwapeleke watu wakabebe mawe kwenda bonde la baba yako.

Baba yako wa ubatizo,
Adolfu Katepa


Sumbawanga,
14 Oktoba 1978

Baba Adolfu,

Shikamoo. Barua yako imenifikia kwa mkono wa dereva wa lori la Muhidin, siku ambayo nilikuwa napiga chapa nakala ya mwisho ya mpango. Nimeacha kupiga chapa.

Sijui niandike nini kwanza, kwa hiyo nitaandika ya kazi.

Nguvu tuliyo nayo ni ya msimu mmoja. Saruji tuliyoomba imepunguzwa hadi imekuwa kama chumvi ya kuonjea. Watu wa Lyambwe wamekubali kutoa siku mbili kwa wiki baada ya kupanda, si zaidi, na Mwenyekiti Eustaki amesema wazi kwamba mwakani hawatakubali tena. Nguvu hiyo inatosha kutengeneza upande mmoja wa mto. Tukikosea upande, wanawake wataendelea kuchota tope, na hakuna atakayetusikiliza miaka kumi ijayo.

Mpango ulio mezani umeandikwa kwa mkono wangu. Nimependekeza bonde letu lifungwe moja kwa moja, na kaya za baba zangu wadogo zilizobaki zihamishwe. Niliandika hivyo ili mtu asiseme Bibi Shamba anawapendelea wa kwao. Wakati naandika nilijisifu moyoni kwamba nina haki.

Unajua yaliyotupata baada ya mkutano ule. Hakuna aliyetutukana. Watu waliacha tu kunywa pombe nyumbani kwetu. Mama alipika pombe ya ulezi kwa ajili ya kulimiwa, kama kila mwaka, na wakaja watu wa kuhesabika, wakalima, wakaaga wakisema wana haraka. Pombe ikamwagwa. Mwezi uliofuata baba akachukua mizigo kwenda Kabwe, kule ziwani, kwa shemeji yake, yeye ambaye hata kuogelea hajui.

Nina maombi mawili. La kwanza, uniandikie maelezo ya kuonyesha kamati, yenye sahihi yako na ya shahidi. Bila hayo, mimi kubadili mpango ni mtoto anayemtetea baba yake. La pili, unieleze kwa nini. Na kwa nini baba aliposomewa taarifa yako mbele za watu alisimama akasema, "Ni kweli"? Nilisimuliwa na wengi, wote wanasema neno hilo hilo. Mtu anayesingiziwa hasemi ni kweli.

Bertilla Marselino


Laela,
28 Oktoba 1978

Binti yangu,

Umeniita Baba mwanzoni mwa barua, na mwishoni hukuniita chochote. Nimeona, wala silalamiki.

Unauliza kwa nini. Shamba la kijiji pale kushoto nililichagua mimi. Mteremko ule ulikuwa na intumba za watu tangu babu zao. Wewe umezikuta tangu kuzaliwa: vichuguu vya kulimia vilivyofukiwa nyasi, maji yakishuka yanakwama, yanazunguka, yanazama. Nikawaambia wazisawazishe, kwa sababu tuliahidiwa plau na maksai, na plau haipandi vichuguu. Wazee walinong'ona. Mmoja aliniuliza, "Bwana Shamba, na maji yatalala wapi?" Nikamjibu kwamba maji hayalali, yanakwenda. Nilidhani nimesema jambo la werevu. Mistari ikalimwa kushuka bondeni, kwa kuwa maksai walikuwa wageni wa kazi na hawakutaka kukata mteremko. Mvua ya kwanza ikafanya kila mstari kuwa mfereji.

Hapo nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu. Shamba la kijiji lilikuwa linatembelewa na wakubwa na kupigwa picha. Niliogopa kwamba nitaambiwa nimeliharibu makusudi. Watu walikuwa wanawekwa ndani kwa madogo kuliko hayo. Ndiyo sababu.

Kuhusu baba yako, hakujua. Ni mtu mnyenyekevu, amezoea kwamba aliyesoma akisema, imesemwa. Aliona chupa, akaona uzi, akaamini kama wengine.

Sasa ya kazi, ambayo naiweza zaidi. Usipange mawe upande wa kushoto kote, utamaliza watu. Panda juu, tope linakoanzia. Sehemu ya chini ya lile shamba inaonekana mbaya kwa sababu ina makorongo, lakini makorongo ni njia tu. Tope linazaliwa theluthi ya juu, kwenye udongo mwekundu. Huko rudisha intumba, hata kama wakubwa watanuna. Chini yake weka ukanda wa majani ya mabingobingo, mistari miwili iliyobanana, ikikata mteremko. Miche yake ni ya bure, kata kando ya mto. Mawe tumia kwenye vichwa vya makorongo makubwa tu. Halafu ng'ombe. Wananywa juu ya mahali pa kuchota, kwa sababu njia ya zizi inapita huko. Hamisha njia wakanywee chini. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja na haitaki saruji, na naamini itapunguza kuhara kuliko mawe yote. Bonde lenu liache. Linahitaji majani ya kandokando yasikatwe, basi.

Maelezo ya kamati nitaandika. Nipe muda kidogo, mkono unatetemeka na sitaki yasomeke kama ya mlevi.

Adolfu Katepa


Kabwe,
11 Novemba 1978

Mwanangu Bertilla,

Hatujambo huku. Mama yako anaumwa miguu lakini anatembea. Nimekupelekea migebuka iliyokauka kwa mkono wa mwalimu anayekuja mjini, usimpe mtu wa ofisini akakuambia ni ya kuonja, wakionja wanamaliza.

Nimeisoma barua yako. Mimi siandiki sana, unajua, kwa hiyo nitasema kidogo. Habari ya chupa iache. Mzee Adolfu ni mgonjwa, usimsumbue. Mimi sikusimama pale kwa kudanganywa. Nilisimama kwa miguu yangu. Nilitoa neno langu, na neno likishatoka halimezwi kama mate.

Bonde kama wanataka kulifunga walifunge. Nimezoea hapa. Asubuhi natengeneza nyavu, mashua siingii, wananicheka wananiita Mfipa wa nchi kavu. Chakula kipo.

Mama yako anasema huku samaki hawana shukrani kama maharage: unawaangalia siku nzima, hawakui mbele ya macho yako. Yeye ndiye anayetaka kurudi. Mimi sijasema.

Fanya kazi yako vizuri. Hilo tu ndilo nililotaka.

Baba yako,
Marselino


Sumbawanga,
5 Desemba 1978

Baba Adolfu,

Shikamoo. Nilisubiri maelezo yako mwezi mzima. Sasa malori mengi yamechukuliwa kwenda vitani Kagera, na hata yale machache ya saruji yetu yamekwenda. Nimefurahi kidogo, Mungu anisamehe, maana sasa hakuna anayeweza kunishinda kwa kusema tujenge ukuta. Tumebaki na mikono, nyasi na mawe ya bure.

Wiki iliyopita ilinyesha mvua kubwa ya kwanza. Nilikuwa Lyambwe, nimelala kwa Bibi Dominika, yule aliyefiwa na mjukuu mwaka ule. Nilimwomba Mwenyekiti Eustaki aje na wajumbe wake pale vijito vinapokutana, mvua ikiwa bado inanyesha. Walikuja wamejifunika magunia. Sikuleta chupa. Nilisema, "Angalieni tu."

Kijito cha kulia kilikuwa kimejaa lakini unaona kokoto chini. Cha kushoto kilikuwa kama uji wa ulezi. Vinapokutana vilikwenda pamoja hatua kadhaa, kimoja cheupe na kingine chekundu, kabla havijachanganyika.

Eustaki akasema, "Mvua moja si ushahidi."

Bibi Dominika akamgeukia. "Mwenyekiti, ulitaka mvua ije na kadi ya chama?"

Watu wakacheka, naye akacheka kidogo. Bibi akaendelea, si kwa kucheka tena: "Mimi nimeacha kuingia nyumbani kwa Marselino miaka karibu minne. Mkewe alinipikia uji siku za msiba wangu, nikaumwaga nyuma ya nyumba. Nataka mtu aniambie niliumwaga kwa nini."

Mimi nilijua jibu, lakini si mimi ninayetakiwa kulisema.

Tulipokuwa tunapanda kurudi Eustaki alinivuta pembeni. "Binti, mimi maji nimeyaona. Sina macho ya mbuzi. Lakini kamati ya wilaya haitaona maji, itaona jina lako. Bertilla Marselino. Watasema mtoto amekwenda kumfulia baba yake nguo."

"Na likija neno la mzee Adolfu?"

"Likija neno la mzee Adolfu, mimi mwenyewe nitalisoma. Lisipokuja, mawe yanakwenda kulia. Nimeshawaambia watu wachonge."

Kamati inakaa tarehe 20. Kwa hiyo unaona tulipofika.

Jingine. Baba ameniandikia. Anasema hakudanganywa, kwamba alitoa neno lake. Wewe uliniandikia kwamba hakujua. Mmoja kati yenu hasemi kweli, na mimi namjua baba. Alimpa nani neno hilo?

Bertilla


Laela,
16 Desemba 1978

Mdogo wangu Bertilla,

Ni mimi Cornelia. Mzee ameshindwa kukaa, kwa hiyo maelezo haya ameyasema, mimi nikaandika, naye ametia sahihi. Mwalimu mkuu wa shule ya hapa ni shahidi. Ilichukua siku mbili kwa sababu kila sentensi aliirekebisha. Nilipoandika "alibadilisha" akasema hapana, andika "nilibadilisha kwa makusudi." Nilimwambia, "Baba, inatosha." Akasema mimi sijui kuandika taarifa.

Nimelia wakati naandika, si vizuri kukuficha. Nilikuwa namdhani mtu mwingine. Lakini bado namchemshia maziwa.

Swali lako kuhusu neno la baba yako nilimsomea. Aligeukia ukutani akasema amechoka. Nilimsomea tena jana, akaniuliza kama mbuzi wameingia.

Muhidin mwenyewe anakuja huko kesho kufuata vipuri, nimempa bahasha mkononi, nimemwambia asimpe utingo. Amesema hata ikibidi ataikalia.

Dada yako,
Cornelia Adolfu


Sumbawanga,
14 Januari 1979

Baba Adolfu,

Shikamoo Baba. Heri ya mwaka mpya. Dada Cornelia ameniambia kwamba unapenda kusomewa asubuhi ukiwa umekunywa maziwa, basi asome taratibu, maana leo nina habari nyingi na nyingi ni nzuri.

Kamati ilikaa. Eustaki alisimama na karatasi yako, akaisoma yote bila kuruka neno. Alipofika pale pa uzi, mjumbe mmoja alisema, "Mzee huyu amechanganyikiwa na ugonjwa." Eustaki akamjibu, "Basi na ile chupa aliyoleta akiwa mzima tuiache pia, tuanze na maji yenyewe." Wakakubali. Mpango umegeuzwa. Tunatengeneza kushoto.

Tumefanya kama ulivyoelekeza, isipokuwa mahali pawili. Ukanda wa mabingobingo tumeweka mistari mitatu, kwa kuwa panya waling'oa miche mingi. Na theluthi ya juu tumeigawa kwa kaya badala ya kuwaita wote pamoja, kila kaya na kipande chake cha intumba, maana kazi ya wote ilikuwa inakwenda kwa mdomo. Njia ya ng'ombe ilihamishwa asubuhi moja kweli. Wachungaji walilalamika kwamba ng'ombe hawataijua. Ng'ombe waliijua siku hiyo hiyo, wachungaji ndio walichukua wiki.

Maji bado si masafi. Tope la zamani limelala kwenye mto, na litaendelea kushuka masika haya yote. Nimewaambia watu hivyo wazi, wasije wakaniita mwongo mwezi wa tatu. Lakini mvua ya juzi kijito cha kushoto kilikuwa rangi ya chai ya maziwa, si ya uji. Wanawake wanachemsha, nimepita nyumba kwa nyumba.

Bonde halifungwi. Bibi Dominika alikwenda Kabwe. Alipanda lori na yale magoti yake, mchana kutwa hadi ziwani, akafika nyumbani kwetu akamwambia mama, "Nimekuja kunywa uji niliomwaga." Mama akampikia. Sijui walisema nini zaidi, walitutoa nje.

Mimi nilikuwa nimekwenda naye. Nilikaa na baba kwenye nyavu zake, nikamwambia kila kitu kimesomwa hadharani, hana tena neno la kulinda. Alishona matundu mengi kabla hajajibu. Kisha akanieleza. Kwamba ulimwendea kabla ya mkutano. Kwamba ulimwambia hali yako, na ukamwambia nafasi za chuo cha kilimo ni chache na wewe umo kwenye kikao cha kuwapendekeza vijana. Yeye akabeba neno, wewe ukanibeba mimi. Mkapeana mikono.

Nilikasirika. Nilikasirikia wote wawili, na njia nzima ya kurudi sikuzungumza na mtu. Halafu nimekaa na jambo hili wiki mbili, nikilipima kama tunavyopima kazi: nini kilitoka, nini kilipatikana. Bila nafasi ile nisingesoma. Nisingesoma, nisingejua kuuangalia mto. Mpango huu usingeandikwa na mtu anayelijua bonde lile. Baba alilipa gharama kubwa, lakini alilipa akijua ananunua nini, na wewe uliitimiza ahadi yako. Hukumdanganya yeye, uliwadanganya wengine, na kwao umekwisha kusema.

Kwa hiyo sitaki ufe ukidhani nina kinyongo. Sina. Kwa nafasi ile nakushukuru. Hata baba amesema nikuandikie hivyo. Alisema, "Adolfu alikuwa na deni kwangu, akalilipa lote. Mwambie tuko sawa."

Baba amekubali kurudi baada ya masika. Anasema atalima maharage, nyavu atawaachia wanaojua kuogelea.

Mwanao wa ubatizo,
Bertilla


Laela,
22 Januari 1979

Binti yangu Bertilla,

Cornelia ameninyanyua kwa mito. Anaandika ninavyosema, nimemwapisha asirekebishe.

Nimefurahi habari ya mto. Mistari mitatu ni sawa. Kata mabingobingo yakifika kiunoni, uwape ng'ombe, yasipokatwa yatazeeka chini na maji yatapita. Kwenye intumba usiwaruhusu kupanda mahindi mwaka wa kwanza, wapande maharage. Kila masika chota maji ya kila kijito mbele ya watu, na wachote wao.

Sasa lingine. Umenishukuru. Baba yako amesema tuko sawa. Cornelia alipolisoma hilo nilimwambia arudie, nikidhani nimesikia vibaya. Ningeweza kuliacha likae hivyo. Padri alikuja Jumanne, nilimwambia ya chupa na ya makubaliano, akaniondolea dhambi. Hili sikumwambia, kwa sababu nilitaka ulisikie wewe kwanza, na baba yako.

Umeandika kwamba sikumdanganya yeye. Umepima vizuri, ila mzani niliokupa ulikuwa na kasoro, kama mara ya kwanza.

Kikao cha kuwapitisha vijana wa chuo kilikaa Sumbawanga wiki iliyotangulia mkutano wa Lyambwe. Jina lako lilisomwa mapema. Alama zako zilikuwa juu ya wote, hakuna aliyepinga, mimi sikuhitaji hata kufungua mdomo. Nilipanda basi kurudi nikiwa na habari hiyo, nimepanga kwenda moja kwa moja kwa baba yako kumpongeza. Nilimnunulia na tumbaku. Nilipofika Lyambwe nikakuta watu wamesimama mtoni na wajumbe kutoka mkoani, wananisubiri mimi na maelezo. Nikaondoka kwenda kuchota maji, na habari yako sikumwambia mtu.

Chupa zilipokwisha kutulia nilijua nitahitaji mtu wa upande wa kulia akubali, maana baba yako angekataa, watu wangepanda wakaangalie wenyewe. Nilimkuta bondeni anapalilia. Nilimweleza shida yangu. Aliniambia, "Pole, mwenzangu, lakini si maji yangu." Alikuwa amekataa, Bertilla. Alinikatalia kwa upole, akaendelea kupalilia. Ndipo nikamwambia habari ya nafasi, kwamba ni chache, kwamba wanaozigombea ni wengi na wana watu, na kwamba neno langu ndilo litakaloamua.

Akaweka jembe chini. Aliniuliza, "Ukimsemea, atapita?"

Nikamwambia nitajitahidi. Ulikuwa umekwisha kupita.

Adolfu Katepa